Chuma cha Uani

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naamini hujambo, na kwamba hayo majenereta ya kituo chako cha maji hayajamaliza hicho kidogo cha masikio ulichobaki nacho. Sisi huku tunasukuma siku. Duka la mikate bado linaniamsha alfajiri, na nikirudi nanukia hamira hadi paka wa jirani ananifuata. Mshonaji aliyepanga chumba cha mbele anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Anasema kwa anavyosikia habari zako kutoka kwa mama, akikutana nawe njiani atakujua tu.

Mama naye kasema nisiandike lolote kabla ya hili: "Mwambie Msafi bado naweza kumchapa, ila asogee karibu." Basi hiyo ndiyo salamu yake.

Sasa shida yetu. Vidole vya mama vimefunga. Asubuhi hashiki kikombe mpaka nimkunjie vidole mimi kwenye kikombe, na magoti hayamwinui tena bila mtu. Daktari amesema aloweke mwili mzima kwenye maji ya moto nusu saa kila siku. Nimehangaika nikapata hodhi la chuma, yale ya kulala ndani, limetoka kwenye zahanati iliyofungwa. Chini lina hita yake ya umeme, kwa hiyo maji hayapoi. Tunabomoa ukuta wa stoo ili bafu liwe kubwa, maana lilivyo sasa, ukigeuka unagonga kiwiko.

Nyumba hii uliitia umeme wewe, mimi nikiwa tumboni. Naogopa umeme na maji kukaa chumba kimoja, mjomba, sikufichi. Niambie nimwambie nini fundi. Barua nitamsomea mama kwa sauti kama kawaida, na unajua hataki bahasha ifunguliwe kabla hajakaa kitako, kwa hiyo chagua maneno yako.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa dereva wa gari la dizeli, anayekuja kila baada ya wiki mbili kushusha mapipa na habari zilizochacha. Mimi mzima. Masikio yamekwenda na maji, lakini pampu nazisikia kwa nyayo, nikisimama sakafuni najua ipi imechoka. Simu hapa haishiki hata ukipanda juu ya tangi, na ingeshika ningekuwa naishangaa tu.

Mwambie dada kwamba kuchapwa nilichapwa nikiwa mdogo, na ya wakati ule bado inaniuma.

Haya, mpe fundi umeme karatasi hii asome mwenyewe. Hita ipate waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kubwa la ukumbini, asiunge kwenye waya wa taa ya bafuni, ule mwembamba utaungua ukutani msijue. Waya wa milimita sita, usipungue hapo. Swichi ikae nje ya mlango, mtu asiweze kuifikia akiwa ndani ya maji hata akinyoosha mkono. Soketi bafuni sitaki kuisikia. Aweke kikata umeme, kile kidude kinachokata chenyewe umeme ukivuja hata kidogo, na kikiwa kinaruka, msikikasirikie, tafuteni kinaruka kwa nini. Hodhi lenyewe ni chuma, basi lifungwe waya wa kijani, ule wa ethi, unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia kabla haujampata mtu. Na hita izimwe kwanza ndipo mama aingizwe au atolewe majini. Hili la mwisho ulishike kuliko yote.

Halafu mabomba ya zamani, yale ya chuma yanayotoka kwenye mita ya maji, yaacheni hapo hapo. Fundi bomba asiyaguse.

Dereva anapiga honi, ninaiona mikono yake.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tuko wazima, vumbi tu. Tunakula vumbi, tunalalia vumbi, na mshonaji amefunika cherehani kwa shuka kama maiti. Mama anasema Msafi angekuwa hapa angekuwa ameshanawa mara mia.

Barua yako imefika siku nne baada ya fundi bomba kumaliza. Mabomba ya chuma ameyatoa yote, kuanzia kwenye mita. Ungeyaona ndani, kutu imejaa hadi kidole hakipiti. Sasa ni plastiki nyeupe nyumba nzima na maji yanatoka meupe, nimesimama mbele ya bomba nikiyatazama kama mshamba. Hukusema kwa nini yaachwe, na fundi bomba nilipomwambia alicheka. Nadhani uliyahurumia tu kwa kuwa ni ya enzi zako.

Fundi umeme ni mtu wa simu mbili, zote zinalia, na kila anayepiga anaambiwa "niko njiani". Alikuta waya wa kijani umefungwa kwenye bomba la zamani pale kwenye mita, akauliza wa nini. Fundi bomba akasema ni mambo ya zamani, wakaukata. Aliuliza ethi ya nyumba iko wapi, na hapo mama akapata siku yake. Alijikongoja na fimbo hadi uani, akamwonyesha ile saruji yako yenye kichwa cha chuma cha shaba kinachochungulia, na alama ya kiganja chake aliyoibonyeza saruji ikiwa mbichi. Akamweleza kwamba hapo pana futi nane za chuma, kwamba mdogo wake alipiga nyundo siku mbili nzima kwenye jua, kwamba mkaguzi alikuja na kusaini bila neno. Fundi akapiga picha. Akasema kazi za wazee hazina haja ya kupimwa.

Nilikuwa nimesahau jinsi anavyoijua hadithi hiyo. Zamani kila mgeni alipelekwa uani kabla ya kupewa kiti. Na mama humalizia hivyo hivyo: "Na yeye mwenyewe, wageni wakifika tu, huyo, kakimbilia kunawa mikono. Ndiyo maana namwita Msafi."

Hodhi linaingia wiki ijayo.

Mpwa wako


24 Aprili

Mpwa wangu,

Barua hii isome mwenyewe kwanza, kisha utaona la kumsomea mama yako.

Huku mvua zimeanza. Dereva anasema daraja la mto linatikisika. Mimi sijambo.

Nimefikiri juu ya ile hita. Ni mzigo mkubwa. Kwa mzigo kama huo siku hizi chuma kimoja cha ethi hakitoshi. Mwambieni fundi achimbie kingine, kipya, mbali na kile changu. Chini ya uani pana mwamba, kwa hiyo asijaribu hapo, aende nyuma ya nyumba ambako zamani palikuwa na bustani, udongo ni laini. Akimaliza apime kwa mita yake kama ardhi inaupokea umeme vizuri, na aniandikie namba aliyoipata. Namba, si picha.

Hita isiwashwe kabla ya hapo. Najua mama ana maumivu. Isiwashwe.

Kile changu kilikuwa kizuri kwa taa na redio za wakati ule. Mambo yamebadilika, ndiyo tu.

Mjomba wako


16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na salamu ya mama maana ananisimamia begani: "Mwambie Msafi leo nimefunga kifungo cha gauni mwenyewe, chote, hadi juu."

Ni kweli. Nilisimama mlangoni nikamtazama akikihangaikia, ulimi nje, na kilipoingia tulipiga kelele wote wawili, mshonaji akaja mbio akidhani kuna nyoka. Wiki tatu tu za maji ya moto. Kikombe anashika. Jana ameniosha nywele, mjomba, mimi mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimepiga magoti mbele yake.

Sasa usikasirike. Barua yako ilifika hodhi likiwa limeshawashwa. Na kuisoma peke yangu sikuweza. Aliisikia bahasha ikichanika, akauliza ni nani anayesoma barua za ndugu yake kwa kujificha. Nikamsomea. Nilipofika pale pa chuma kingine, aliinuka mwenyewe bila kushikwa, akaenda uani, akasimama juu ya saruji yako na fimbo mkononi. Akasema chuma cha mdogo wake kimeilinda nyumba hii miaka thelathini na moja, umri wangu wote, na wewe unajidharau kwa sababu umekaa peke yako na mashine hadi umeanza kujiona takataka. Fundi alipopigiwa akasema yeye yuko njiani, na chuma kipo, cha pili cha nini. Nikaachana nayo. Kati yake, fundi na wewe uliye mbali, nimsikilize nani?

Kile kikata umeme alikiweka, lakini kilikuwa kinaruka ovyo, hasa mvua ikinyesha. Mama yuko ndani, maji yanapoa, mimi natoka mbio ukumbini kukirudisha. Fundi akasema kina wasiwasi kupita kiasi kwa nyaya za zamani, akakitoa, akaunga moja kwa moja. Tangu hapo hapana usumbufu.

Hita naizima kabla ya kumwingiza na kabla ya kumtoa, ulivyosema. Hilo sijawahi kusahau. Kuna kitu kimoja tu kidogo: akiwa ndani ya maji hita ikiwa inawaka, akishika ukuta uliolowa, anasema vidole vinamsisimka kama vimepandwa na sisimizi. Anafurahi. Anasema ni damu inarudi.

Mpwa wako


29 Mei

Mpwa wangu,

Msomee mama yako barua hii. Soma yote, usiruke. Lakini kabla ya kusoma, nenda ukumbini uzime hita, kisha urudi.

Si damu inarudi. Ni umeme. Hita inavuja na hodhi zima limebeba umeme, na umeme huo hauna pa kwenda, kwa hiyo unamngoja mtu. Akiwa amekaa majini bila kugusa kitu, haumpati. Akigusa ukuta unamwonja. Siku atakayokuwa na mguu sakafuni penye maji na mkono kwenye chuma, utapita wote ndani yake. Mtu yeyote asiliguse hodhi hilo mpaka nitakapokwambia.

Nimemtafuta dereva wa kumpa barua hii. Hayupo. Daraja limekwenda na maji siku moja baada ya kuniletea yako. Aliahidi kurudi akiweza. Basi nina nafasi ya kuandika.

Dada, chini ya ile saruji hamna futi nane. Kuna futi moja na nusu. Siku ya kwanza nilipiga nyundo hadi jua likazama na chuma kikagonga mwamba. Siku ya pili nikapiga tena, kikapinda kama mkia wa mbwa. Wewe ulikuwa unaniletea uji uani kila saa na tumbo lako kubwa, ukiwaambia majirani njooni mumwone mdogo wangu aliyerudi na cheti. Ulipoingia kulala mchana nikakikata kwa msumeno. Nikaacha kichwa kionekane, nikamwaga saruji. Ethi ya kweli nikaifunga kwenye bomba la maji, ambalo lilikuwa la chuma na lilikwenda mbali chini ya barabara. Ilikuwa ethi nzuri, pengine nzuri kuliko futi nane. Ningeweza kukwambia hivyo siku ile ile na lingekwisha. Lakini ulikuwa umeshabonyeza kiganja. Uliniuliza, "Imefika chini kabisa?" Nikasema imefika.

Waya walioukata pale kwenye mita ndio uliokuwa unailinda nyumba.

Niliandika mabomba yaachwe na sikusema sababu, kwa kuwa nilijua utasikia. Niliandika chuma kingine kichimbwe na nikatunga uongo, kwa kuwa nilijua utasikia. Ningeweza kumpa dereva namba ya simu ya mpwa wangu apige akifika mjini, maneno matatu tu, lakini dereva angejua, nami hapa nasifiwa kwa kazi zangu. Naliandika hili ili nisipate tena pa kujificha.

3 Juni. Hakuna gari. Jana nilitoka kwa miguu. Nilifika mtoni saa nne. Maji yamejaa kingo kwa kingo, yanabeba miti. Nilikaa hapo nikiwa na barua mfukoni hadi mchana, kisha nikarudi, kwa sababu pampu zikizima huko chini mji mzima unakaa bila maji. Kusema kweli hata zisingekuwepo pampu nisingevuka.

9 Juni. Hakuna gari. Nimeisoma barua yako ya sisimizi mara nyingi sana. Nimehesabu siku. Anaoga kila siku, kwa hiyo tangu ulipoandika ameshaingia humo mara ishirini na nne.

12 Juni. Wanaume wamevusha kamba. Nawarushia barua hii ikiwa imefungwa kwenye nailoni.

Mjomba wako


21 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Tuko hai. Naandika hilo mwanzo kwa kuwa najua utakuwa unaisoma umesimama.

Mwandiko unisamehe. Kiganja cha kulia kimefungwa bendeji, naandikia kushoto.

Ilikuwa tarehe mbili Juni, siku ile ile uliyokaa mtoni. Mama alikuwa ndani ya maji, akasema yamezidi moto. Nilikuwa pekupeku, maji yamemwagika sakafuni. Hita nilikuwa naizima kila mara wakati wa kumwingiza na kumtoa, lakini siku hiyo nilitaka kupima tu, nikainama nikashika ukingo. Sikumbuki kilichofuata. Mama ndiye anayekumbuka. Anasema nilinasa pale kwa muda, nikitoa sauti ya mtu asiyemjua, kisha nikaanguka chali karibu na mlango.

Alijaribu kuinuka aje kwangu. Alishika kingo mbili na kusukuma, akasukuma, magoti yakakataa. Aliniita jina langu la utotoni. Mshonaji alikuwa na redio na hakusikia. Karibu saa nzima mama alikaa kwenye maji yale akinitazama nimelala sakafuni, asijue kama napumua, hawezi kutoka. Mshonaji alipokuja kuazima mkasi ndipo alipoona. Bahati alikuwa na akili, alikwenda kwanza ukumbini akashusha swichi kubwa.

Daktari anasema moyo wangu hauna kasoro. Fundi mwingine alikuja na mita, akapima. Akasema mama angefaulu kutoa mguu mmoja nje ya hodhi, angekufa hapo hapo. Magoti yake mabovu ndiyo yaliyomwokoa.

Barua yako ilifika juzi. Nikamkalisha, nikafungua, na hita hakuna haja ya kuizima tena, imekatwa. Nikasoma yote kama ulivyosema. Nilisimama kusoma mara mbili, akanigonga goti kwa fimbo, nikaendelea.

Nilipomaliza aliomba nimpeleke uani na nimwite mshonaji na nyundo. Tulivunja saruji. Nilitaka tukizunguke kile kiganja chake kibaki, akasema vunjeni vyote. Chuma kikatoka kwa mkono mmoja, mjomba, nilikivuta kama karoti. Alikiomba. Amekipima kwa mkono wake, kinafika hapa kwenye kiwiko tu. Sasa kiko chini ya kitanda chake.

Fundi amechimbia kipya nyuma ya nyumba na namba aliyopata ni nzuri, lakini mama hataki tena kuingia kwenye hodhi. Vidole vimeanza kufunga. Namfunga vifungo mimi. Hodhi linajaa nguo chafu.

Sikulaumu, au nakulaumu, bado sijajua. Nikijua nitakuandikia.

Salamu za mama hakuna. Nimemuuliza mara tatu, nikimwambia gari la dizeli limeanza tena kupita. Mara ya tatu akasema hana salamu, ana swali. Nililiandika alivyolitamka: "Muulize, nilipokuwa nawaonyesha wageni, alikuwa ananicheka?"

Mpwa wako


5 Julai

Dada,

Nimeandika karatasi nne nikazichana. Gari limeondoka leo asubuhi nikiwa bado kwenye ya tatu, kwa hiyo hii itakaa mezani siku kumi na nne kabla ya kuanza safari.

Sikukucheka. Ulipokuwa ukiwaita wageni uani sikuweza kusimama pale. Mikono haikuwa na uchafu wowote. Nilikuwa nafungua bomba na kuyaacha maji yamwagike ili nisisikie unavyosema, na nikirudi unaniita Msafi, nami naitika.

Mdogo wako